Kujiandaa kuwa ofisa wa jeshi ukiwa bado chuoni: mwongozo kwa mwanafunzi wa Uganda

Likizo ya mwaka jana mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi, alikuja kunitembelea Jinja akiwa na swali moja tu. "Mjomba," aliniambia, "wenzetu wa Marekani wanasoma chuo kikuu na papo hapo wanasomea uofisa wa jeshi. Mimi hapa kwetu nifanyeje?" Nilianza kumjibu tukiwa tumeketi barazani baada ya chakula, na tulipoinuka taa za majirani wote zilikuwa zimezimwa. Niliyomweleza usiku ule, pamoja na yale niliyojifunza baadaye kwa kumsindikiza huku na huku akikusanya karatasi zake, ndiyo niliyoyaandika hapa kwa ajili ya wanafunzi wengine wenye nia kama yake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Mfumo wa Marekani unaosemwa sana, uitwao ROTC, uliwekwa na sheria ya mwaka 1916, nao humruhusu mwanafunzi wa chuo cha kiraia kuhudhuria vipindi vya kijeshi kila wiki sambamba na shahada yake, kwenda kambini wakati wa likizo, na kupewa kamisheni, yaani kufanywa ofisa rasmi, anapohitimu. Uingereza imekuwa na vikosi vya mafunzo ya uofisa katika vyuo vikuu tangu mwaka 1908, ingawa huko mwanafunzi halazimiki kuingia jeshini baadaye. Rwanda imechagua njia nyingine: chuo cha kijeshi cha Gako kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda, hivyo kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, hupata shahada na nyota ya uofisa kwa pamoja, na Nigeria imekuwa ikitoa shahada katika chuo chake cha kijeshi huko Kaduna kwa miaka mingi. Kwetu Uganda njia ya kawaida kwa raia ina hatua mbili: unasoma kwanza, kisha unaomba nafasi ya ukadeti, na ukichaguliwa unaingia chuo cha kijeshi kwa muda wote, si kwa saa za jioni wala kwa mwisho wa wiki.

Ukishaelewa hivyo, swali linabadilika. Kinachobaki ni kujua namna ya kuitumia miaka mitatu au minne ya chuo ili tangazo la kuandikisha makadeti likukute umekwisha kuwa tayari. Nasema likukute kwa sababu matangazo haya hayana msimu kama mitihani ya taifa ya UNEB. Hutoka jeshi linapohitaji watu, na siku zilizopo kati ya tangazo na usaili huwa chache mno kwa mtu anayeanza ndipo kutafuta cheti cha kuzaliwa au kununua viatu vya kukimbilia.

Kabamba na njia ya kuelekea huko

Maofisa wa UPDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, hufunzwa katika chuo cha kijeshi cha Kabamba, wilaya ya Mubende, magharibi mwa Kampala. Jina hilo lina uzito katika historia ya nchi, kwa kuwa kambi ya Kabamba ndiyo iliyoshambuliwa tarehe 6 Februari 1981 na kundi dogo lililoongozwa na Yoweri Museveni, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya jeshi kwa jina la Kiswahili ambalo hata asiyejua Kiswahili analijua: Tarehe Sita. Mafunzo ya kadeti huchukua takriban mwaka mmoja. Anayeyamaliza hupewa kamisheni na Rais, ambaye kwa mujibu wa Katiba ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na huanza na cheo cha luteni wa pili chenye nyota moja begani.

Darasa la makadeti halijazwi na raia peke yao. Ndani yake huwamo pia wanajeshi waliokwisha kutumikia katika vyeo vya chini na kuteuliwa kwa sababu ya elimu na utendaji wao. Jambo hili lina maana kubwa kwa mwanafunzi wa chuo, kwa maana atakayelala kitanda cha jirani huenda ni koplo aliyewahi kukaa Somalia, ambako Uganda ilipeleka wanajeshi wake wa kwanza mwezi Machi 2007, na ambaye anajua kufunga buti gizani wakati wewe bado unatafuta tochi. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha shahada yako hatashangaa. Ukimwomba akufundishe, atakufundisha.

Katiba ya mwaka 1995 inagusa mambo mawili ambayo mwombaji anapaswa kuyafahamu mapema. Ibara ya 208 inataka mwanajeshi awe raia wa Uganda mwenye tabia njema, na inataka jeshi lenyewe liwe la kitaifa, lenye nidhamu, lisilofungamana na chama chochote na linalotii mamlaka ya kiraia. Ibara ya 210 inaliagiza Bunge litunge sheria za kuhakikisha kwamba wanajeshi wanaandikishwa kutoka kila wilaya ya nchi. Ndiyo sababu nafasi hugawanywa kwa wilaya, na mwanafunzi aliyekulia Kampala lakini asili yake ni Yumbe, Kisoro au Namutumba aamue mapema ni wapi anajulikana vizuri zaidi, maana barua ya utambulisho itatoka kwa watu wa mahali hapo. Nimewaona vijana wanaokwenda kijijini kwa babu zao kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, wakiwa na fomu mkononi, na mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, akiwauliza kwa upole wao ni watoto wa nani.

Karatasi

Nitakaa kidogo kwenye jambo hili kwa sababu ndilo lililomkwamisha mpwa wangu, na kwa sababu vijana hulidharau. Tangazo la kawaida hudai kitambulisho cha taifa, vyeti halisi vya UCE (kidato cha nne) na UACE (kidato cha sita), cheti cha shahada au stashahada kwa aliyehitimu, na barua za utambulisho zinazoanzia LC 1 na kupanda kupitia ofisi za usalama hadi wilayani, yaani GISO (ofisa usalama wa kata), DISO (ofisa usalama wa wilaya) na RDC (anayemwakilisha Rais wilayani). Mpwa wangu alikuwa navyo vyote isipokuwa kitu kimoja kidogo: shule aliyosoma ilimwandikisha kwenye mtihani wa kidato cha nne kwa jina la Yusufu, wakati kitambulisho chake kinasema Yussuf, na jina la ukoo limetangulia kwenye karatasi moja na kufuata nyuma kwenye nyingine. Yeye hakuona tatizo lolote. Karani aliyekagua karatasi zake aliliona kabla hata hajazimaliza kuzifungua, akazirudisha juu ya meza na kumwita aliyefuata.

Kwa hiyo fanya hivi ukiwa mwaka wa kwanza, wakati huna haraka. Zipange karatasi zako zote mezani kwa safu moja na usome kila herufi ya jina, mpangilio wa majina, tarehe ya kuzaliwa na wilaya. Mahali zinapotofautiana, kumbuka kwamba vyeti vya mitihani ni vigumu kubadilishwa vikishatolewa, kwa hiyo mara nyingi ni rahisi zaidi kukirekebisha kitambulisho kupitia NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kifuate vyeti kuliko kinyume chake. Pale ambapo tofauti haiwezi kuondolewa, tengeneza hati ya kiapo kwa msaada wa wakili, ikieleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kazi hii huchukua majuma, wakati mwingine miezi, na hakuna ofisi itakayoiharakisha kwa sababu tu tangazo la jeshi limetoka.

Tarehe ya kuzaliwa usiiguse ila kwa kurekebisha kosa la kweli lenye ushahidi. Wapo wanaojipunguzia miaka ili wasipitwe na kikomo cha umri. Hilo ni kosa la jinai, na ni kosa la aina mbaya kwa sababu halifi: linaweza kuibuka miaka kumi baadaye wakati wa kupandishwa cheo. Badala yake piga hesabu ya kweli. Umri wa chini ni miaka 18, na kikomo cha juu hutajwa katika kila tangazo kulingana na elimu, mwenye shahada kwa kawaida akiongezewa miaka michache juu ya yule wa kidato cha sita. Aliyemaliza S.6 akiwa na miaka 19 na kusoma shahada ya miaka mitatu bila kurudia somo lolote huhitimu na miaka 22, akiwa na nafasi ya kutosha. Aliyerudia masomo na kukaa mwaka mzima nyumbani kwa kukosa karo huenda akalikuta tangazo moja tu maishani mwake ambalo bado linamhusu.

Miguu kabla ya mikono

Kijana akiamua kuingia jeshini, jambo la kwanza analolifanya ni kunyanyua vyuma ili kifua kitanuke. Ni kosa. Katika usaili utakimbia, na katika mafunzo utatembea umbali mrefu ukiwa na mzigo, buti zikiwa zimelowa na usingizi ukiwa haujatosha. Kinachowarudisha watu nyumbani mara nyingi ni nyayo, magoti na malengelenge.

Anza na mbio za siku tatu kwa wiki, kilomita tatu kila siku, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Baada ya wiki nne ongeza umbali kidogo kidogo, isizidi moja ya kumi ya jumla ya wiki iliyotangulia, mpaka ufikie kilomita nane bila kusimama. Hapo ndipo uanze kujipima muda: kilomita 2.4 chini ya dakika 12 ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa kijana mwenye afya, na ukiweza dakika 10 na nusu huna sababu ya kuwa na wasiwasi na mbio za usaili. Wanaosoma Kampala wana bahati ya vilima, kwa sababu kupanda Makerere kutoka Wandegeya mara tano asubuhi kunajenga mapafu kuliko kuzunguka uwanja tambarare mara ishirini. Kimbieni wawili au zaidi, hasa wasichana na hasa kabla ya mapambazuko, na mkae upande wa barabara unaowawezesha kuiona bodaboda inayowajia.

Siku mbili nyingine za wiki ziwe za mikono na tumbo: pushapu, sitapu na kujivuta kwenye chuma au tawi la mwembe. Hakuna kifaa cha kununua. Siku ya sita iwe ya mzigo, na hapa nitaeleza njia ambayo mpwa wangu aliibuni mwenyewe nami nikaipenda. Alinunua unga wa posho kilo kumi, akauzungushia shuka kuukuu ili usimchome mgongoni, akautia katika begi lake la shule na kukaza mikanda mpaka begi likakaa juu kati ya mabega wala si kiunoni. Kila Jumamosi alitembea kilomita nane kwa mwendo wa haraka bila kukimbia, akilenga kumaliza chini ya saa moja na nusu. Mwisho wa muhula unga ukaliwa hostelini na mwingine ukanunuliwa. Alinionyesha nyayo zake: mahali palipokuwa na malengelenge mwezi wa kwanza palikuwa pamekuwa sugu kama ngozi ya ngoma. Siri yake ilikuwa soksi kavu za akiba mfukoni, na kusimama mara moja anapohisi joto chini ya kisigino badala ya kungoja mpaka ngozi ibabuke.

Kuhusu chakula sina mengi. Posho na maharage ndivyo utakavyokula kambini, na ukiongeza mayai, karanga na mukene (dagaa) umekula vya kutosha. Ila nenda ukapimwe afya mapema katika hospitali yoyote ya serikali: macho, masikio, kifua, shinikizo la damu, meno. Uchunguzi wa jeshi ni mpana na unajumuisha vipimo vya damu, pamoja na cha virusi vya UKIMWI, na kwa wanawake kipimo cha ujauzito. Jino bovu linalozibwa leo halitakuwa hoja siku ya usaili.

Ramani, saa na lugha

Hapa ndipo mwanafunzi wa chuo anaweza kumtangulia kila mtu, na ndipo wengi hawafanyi chochote. Ofisa ni mtu wa kufikiri, kuandika na kuzungumza kabla ya kuwa mtu wa bunduki. Bunduki utafundishwa Kabamba tangu mwanzo, na ni heri ukafika hujui chochote kuihusu kuliko kufika na mazoea mabaya uliyoyaokota kwenye filamu.

Ramani ni jambo la kujifunza sasa. Idara ya upimaji na ramani ya serikali iliyoko Entebbe imechora Uganda kwa kipimo cha 1:50,000, maana yake sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita moja juu ya ardhi. Tafuta ramani ya eneo la chuo chako. Mistari ya gridi imeigawa katika miraba ya kilomita moja kwa moja, na kanuni ya kuisoma ni kwamba unasoma kwanza namba za chini ukielekea mashariki, kisha za pembeni ukielekea kaskazini. Ukigawanya kila upande wa mraba sehemu kumi kwa macho, unapata namba yenye tarakimu sita inayotaja mahali kwa usahihi wa mita mia moja. Chagua kilima unachokiona kutoka hostelini, kitaje kwa tarakimu sita, kisha nenda kwa miguu mpaka ufike, simu ikiwa imezimwa mfukoni. Kabla ya kuondoka, jipime hatua: pima mita mia moja kwenye uwanja wa mpira na uhesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Watu wengi hupata kati ya 60 na 70. Namba hiyo ni yako, na itakusaidia usiku ambapo huoni kilima wala barabara. Mara tatu za kwanza utapotea. Afadhali upotelee katika mashamba ya migomba ya wenyeji wanaoweza kukuonyesha njia.

Kisha kuna lugha. Wasomaji wa makala haya wana akiba ambayo vijana wengi wa Uganda hawana. Kiswahili kimekuwa lugha ya askari katika nchi hii tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, ambalo kikosi chake cha nne kilikuwa hapa kwetu Jinja, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Wapo wazee, hasa katikati mwa nchi, ambao masikioni mwao Kiswahili bado kina sauti ya kizuizi cha barabarani, na siwalaumu. Ndani ya jeshi lakini, ndicho kinachomkutanisha Mkaramojong, Mnyankole na Mlugbara katika platuni moja. Tangu tarehe 30 Novemba 2021, majeshi ya Uganda yalipoanza operesheni ya Shujaa mashariki mwa Kongo, ofisa anayekijua vizuri anaweza kuzungumza na wanakijiji wa Ituri bila mkalimani.

Tofauti ni kati ya kukijua na kukibahatisha. Ofisa husoma maagizo na kuandika taarifa zake kwa Kiingereza, kisha husimama mbele ya askari na kuyasema kwa Kiswahili, na katikati ya lugha hizo mbili ndipo makosa huzaliwa. Chukua agizo hili: "Platuni itaondoka saa kumi alfajiri, na hakuna atakayevuka daraja kabla ya sekisheni ya kwanza kutoa ishara." Sema sasa kwa Kiswahili cha sokoni: "Nyinyi nakwenda saa kumi, daraja hapana pita, ile ya kwanza nasema." Nani atasema, na baada ya nini? Tena saa kumi yenyewe ni mtego. Kwa msemaji wa Kiswahili, saa kumi alfajiri ni 0400 katika saa ya kijeshi yenye saa 24. Kadeti aliyezoea Kiingereza akisikia "kumi" na kuandika 1000 atafika saa sita baada ya wenzake. Jizoeze tangu chuoni kusema kila wakati kwa namna zote mbili, na kutaja alfajiri, mchana au usiku hata pale unapodhani inaeleweka.

Mazoezi ya kufanya ni mepesi. Kila jioni soma habari moja ya gazeti la Kiingereza na uiandike upya kwa Kiswahili fasaha kwa sentensi tano, kisha siku inayofuata ugeuze kazi hiyo. Halafu isome kwa sauti mbele ya mwenzako na umwombe arudie alichoelewa. Asiporudia sawasawa, kosa ni lako, si lake. Mwenye nafasi aongeze Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha rasmi ya Kongo.

Shahada gani?

Yoyote unayoweza kuifaulu. Udaktari, uhandisi, sheria, uhasibu na kompyuta vina soko ndani ya jeshi, na wanaotamani kurusha ndege washikilie hesabu na fizikia tangu kidato cha tano. Lakini aliyesoma historia au elimu hafungiwi mlango. Tusisahau tulikotoka: raia wa Uganda wa kwanza kupewa kamisheni, mwaka 1961, walikuwa Shaban Opolot na Idi Amin, na elimu ya Amin ilikuwa ndogo sana. Gharama yake kila mtu mzima wa nchi hii anaijua.

Mwenendo, na watu wa kuwakwepa

Usinunue sare. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kijana mwenye shauku huvutiwa na suruali ya mabaka iliyoning'inizwa katika soko la Owino, akadhani itampa moyo mazoezini. Mavazi ya kijeshi yamehifadhiwa kisheria nchini Uganda, na tangazo la serikali la mwaka 2019 lilizitaja rasmi sare hizo pamoja na bereti nyekundu. Raia anayekutwa nazo anaweza kushtakiwa. Vivyo hivyo usijiunge na kikundi chochote kinachofundisha kwata na mbinu za kijeshi pembeni, hata kama mwalimu wake anajiita afande mstaafu. Kufundishana mambo ya kijeshi bila idhini ni kosa, na jina lako likishaingia kwenye faili la namna hiyo, barua ya GISO haitapatikana.

Siasa za chuo zina mpaka wake. Kupiga kura na kugombea uongozi wa wanafunzi ni haki yako, na uongozi huo hufundisha mengi kuhusu kusimamia watu wasiokubaliana nawe. Ila fikiria vizuri kabla ya kuwa sura ya chama fulani kwenye mabango, kwa sababu unaomba kazi katika chombo ambacho Katiba inakitaka kisiwe na chama. Kurusha mawe katika mgomo na kufikishwa mahakamani ni jambo jingine kabisa.

Kisha wapo wauza nafasi. Kuandikishwa jeshini hakulipiwi. Hata hivyo kila tangazo likitoka, huzuka mtu mwenye simu mbili na sauti ya mamlaka anayemjua mkubwa fulani, na anayetaka milioni mbili tu, nusu sasa na nusu baadaye. Binamu yangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Alipewa barua yenye mhuri, akaipeleka mahali alipoelekezwa, na askari wa lango aliisoma, akamtazama kwa huruma, akamwambia aketi kivulini anywe maji kabla ya kurudi nyumbani.

Pima pia nia yako mwenyewe, tena kwa utulivu. Uofisa si ajira ya kujaribu kwa miaka miwili huku ukitafuta nyingine. Kujiuzulu kunahitaji kibali, na zipo kesi zilizofika mahakamani za maofisa walioomba kuondoka na wasiruhusiwe. Zungumza na wazazi, na kama una mchumba zungumza naye, kabla ya kuandika jina lako popote.

Tangazo likitoka kabla hujamaliza

Swali hili ndilo lililomrudisha mpwa wangu barazani kwangu miezi michache iliyopita, akiwa amebakiza mihula miwili. Tangazo lilikuwa limetoka, karatasi zake sasa zilikuwa safi, mbio zake zilikuwa dakika 10 na sekunde 40, na cheti chake cha UACE kilimtosha kuomba. Aliniuliza kama aache chuo.

Nilimwambia asiache, na bado nashikilia hivyo kwa yeyote aliyebakiza mwaka mmoja na ambaye umri wake bado unamruhusu kungoja. Aliyeacha shahada katikati mara nyingi hairudii, kwa sababu luteni wa pili haamui atakuwa wapi mwakani. Kwa aliye mwaka wa kwanza, au ambaye umri unamkimbiza, jibu linaweza kuwa tofauti; huyo asitoweke tu chuoni, bali aandike barua ya kuomba kuahirisha masomo, aipeleke kwa mkuu wa kitivo chake na adai nakala yenye mhuri wa kupokelewa, ili asipochaguliwa awe na mahali pa kurudi. Wengi hawachaguliwi mara ya kwanza.

Mpwa wangu hakufurahi. Alikaa kimya kwa muda, akanywa chai yake ikiwa imepoa, kisha akaniomba nimtunzie bahasha yenye vyeti halisi katika sanduku langu la chuma, kwa kuwa hostelini kwake kumekuwa na wizi. Ipo humo mpaka leo. Nakala zake anazo mwenyewe, na Jumamosi bado anatembea na unga mgongoni.